Jalada la Mkunga

Uji ulikuwa unapoa mezani. Mkunga alikuwa anajaza fomu, na mumewe, fundi viatu, anachungulia begani.

Miaka sita nyuma mkunga aliacha kazi ya serikali ili amuuguze mama mkwe. Sasa mama mkwe alikuwa anatembea mwenyewe na kugomba mwenyewe. Na zahanati ilikuwa inatafuta mkunga.

Fomu iliuliza: Umewahi kuajiriwa serikalini? Akaandika: Hapana.

"Mbona unajikana, mama watoto?"

"Wanasema aliyeacha kazi hapokelewi tena. Bora niingie kama mgeni."

"Mgeni aliyezalisha nusu ya mtaa!"

Mama mkwe hakungoja zaidi. Alikwenda kumwita jirani, mzee aliyestaafu kazi ya masjala, chumba yanamotunzwa majalada ya wafanyakazi.

Mzee akaisoma fomu taratibu.

"Binti yangu, umejifunga kitanzi. Kuacha kazi si kosa. Kudanganya kwenye fomu ndiko kunakomkosesha mtu kazi. Ulitoa notisi?"

"Nilitoa, babu. Wakanijibu kwa barua."

"Basi sikiliza. Aliyefukuzwa kimakosa huomba kurejeshwa. Akishinda, anarudi mahali pake kana kwamba hakuondoka. Wewe uliondoka kwa hiari, kwa utaratibu. Unaomba kuajiriwa upya. Nafasi iwepo, leseni yako iwe hai, na useme kweli."

"Na aliyetoroka kazini?" fundi akauliza.

"Huyo ana maelezo marefu ya kutoa. Mkeo hakutoroka."

"Lakini barua ile imeliwa na mchwa," mkunga akasema.

"Wamekula yako. Ya ofisi ipo. Twende."

Masjala ilijaa rafu kutoka sakafuni hadi darini. Mkunga akajikuta ananong'ona.

"Babu, kila moja ni mtu?"

"Kila moja."

Karani akapanda ngazi, akashuka na jalada la kahawia. Barua ya kuacha kazi ilikuwamo, na nyingine ya kuikubali. Ilikuwamo picha yake ya usichana, macho yametoka kwa woga. Chini yake palikuwa na karatasi ambayo hakuwahi kuiona. Marehemu mganga mkuu wa kituo chake cha zamani alikuwa ameandika: "Wakati wa mafuriko alivuka maji ya kiuno kwenda kumzalisha mama aliyekwama. Isisahaulike."

Akaisoma mara mbili. Siku ile alidhani hakuna aliyemwona.

"Kumbe nilikuwa naandikwa," akasema polepole.

Akaomba fomu mpya. Akaandika: Ndiyo. Akaeleza lini aliacha, na kwa nini. Akaambatisha nakala za barua zote mbili na leseni yake. Akaitwa kwenye usaili, wakamuuliza yaleyale, naye akajibu yaleyale. Miezi miwili baadaye barua ikafika: ameajiriwa upya.

Siku ya kwanza kazini, kabla ya adhuhuri, alimpokea mtoto wa kike. Mtoto alikaa kimya kidogo. Kisha akavuta pumzi, akalia, chumba kizima kikajaa. Mkunga alikuwa amesikia kilio hicho mara elfu. Hata hivyo alisimama palepale, kinywa wazi, kama mtu anayekisikia kwa mara ya kwanza.