Kadi Iliyong'olewa Butembo

Maiti ya fundi Muyisa ililala kifudifudi kando ya kompyuta ya zamani, bisibisi ingali mkononi. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Inspekta Clémence Kabongo, aliyehamishiwa Butembo kutoka Kasaï, alichuchumaa akaitazama damu. Ilikuwa imeanza kuganda.

"Nani alimukuta?"

"Ni miye," akajibu Emérence, katibu wa chama kidogo kilichokusanya shuhuda za manusura wa mauaji ya Beni. "Nilienda kula saa saba. Nikarudia saa nane, nikamukuta hivi. Papa Kasonia, sentineli yetu, alikuwa ku mulango."

"Muyisa alikuwa nafanya nini?"

"Alikuwa nakopia video za bashahidi ku disque ingine, ya inje. Kesho ilipashwa kufika Beni, ku tribinali, kwa kesi ya mauaji. Mais mashine ni ya zamani, USB yake inatambaa. Alisema itakamata siku ine. Na disque ya ndani iko nalia, iko karibu kufa."

Kabongo aliifungua diski ya nje kwenye kompyuta yake mwenyewe. Asubuhi nzima, faili arobaini. Halafu, kuanzia saa saba na dakika ishirini, faili arobaini nyingine ndani ya robo saa. Baada ya hapo, hakuna.

Alimulika tochi nyuma ya kompyuta. Kibati kimoja cha kufunika nafasi ya kadi kilikuwa kimefunguliwa, na nafasi yenyewe tupu. Muyisa alikuwa amepachika kadi ya USB yenye kasi. Mtu ameing'oa.

Kwenye orodha ya kompyuta ya zamani, faili iliyofuata, ambayo haikunakiliwa, ilikuwa ya mwanamke wa Ruwenzori, kule Beni. Alimgeukia mlinzi aliyesimama mlangoni.

"Papa Kasonia, kwenu ni wapi?"

"Ruwenzori, mama. Tulikimbia."

"Vua koti."

Kadi ilikuwa mfukoni. Rungu lake la ulinzi lilikuwa limefutwa, lakini damu ilibaki kwenye nyufa.

Mzee aliketi sakafuni.

"Waasi balikamata binti yangu, Rébecca. Batu banasema njo yeye alibaonyesha njia siku ile ya mauaji. Ule mama wa video alikuwa pale. Nilikuwa naombea mashine ikufe mbele ya kufika kwake. Kila siku naisikia inalia, nasema, bado kidogo. Donc leo Muyisa anatia ile kadi, anacheka, ananiita: 'Papa, kuya uone, mangaribi yote itakuwa imeisha!'"

"Ukamupiga."

"Rébecca akirudia, batamuunguza. Nilitaka apate fasi ya kurudilia."

"Ulisikilizaka ule mama?"

"Hapana. Sikukuwa na nguvu."

Kabongo aliifungua faili hiyo kwenye kompyuta ya zamani. Mwanamke mwenye kitambaa cheusi akazungumza bila kuinua macho.

"Balimuambia Rébecca ya Kasonia abaonyeshe manyumba yetu. Yeye akabapeleka ku mutoni, mbali. Sisi tukapata kukimbia. Balipojua kama amebadanganya, balimukata palepale. Miye nilikuwa mu matete, niliona. Kisha tulimuzika."

Kasonia aliendelea kukitazama kioo cha kompyuta hata picha ilipokwisha.

"Balimuzika wapi?" aliuliza. "Mama, mumuulize. Wapi?"

Emérence aligeuza uso kuelekea ukutani.

"Ule mama alikufa mu mwezi ya tatu, papa."

Kabongo alitoa pingu. Kasonia alinyoosha mikono kabla ya kuambiwa.