Gonga Mbili

Jirani yetu, binti mmoja, alikuwa fundi lipu, ufundi aliourithi kwa baba yake. Asubuhi moja yenye jua zuri alipanda kilima kwenda klabu ya gofu kupima kuta zilizotaka ukarabati. Jengo lile huonekana tangu mashambani: paa la vigae vyekundu, baraza ya nguzo kumi na mbili, na madirisha marefu yanayotazama majani yaliyonyolewa vizuri kuliko vichwa vya wengi wetu.

Baba yake ndiye aliyepiga lipu jengo zima. Wiki ya kumaliza kazi, hakurudi nyumbani. Miaka kumi na tisa ilipita, na mama bado alimwekea ndara zake mlangoni. Binti hakufuata kazi tu pale. Alitaka mama yake apate hata kaburi la kulilia.

Marehemu, kama ni marehemu, alikuwa na mazoea mawili. Kila ukuta alioumaliza aliubandika dole gumba kwenye kona ya chini, lipu ikiwa mbichi. Tena, yeye na wenzake walipopokezana zamu, hawakuitana kwa kelele. Aliyefika aligonga ukuta mara mbili kwa mpini wa mwiko: nimekuja, kapumzike. Wa upande wa pili alijibu kwa kugonga mara moja tu, akatoka.

Binti alipima nje: mita ishirini na nne. Akapima ndani, kutoka ukumbini hadi mwisho wa korido. Ishirini na mbili. Akarudia. Ishirini na mbili. Hakuna ukuta unaokula mita mbili.

"Ule wa mwisho uache," msimamizi wa klabu alimnong'oneza. "Haukauki."

"Tangu lini?"

"Tangu ujengwe."

Akazunguka vyumba vyote. Kila kona alilikuta dole la baba yake, na kila moja aliligusa. Ukuta wa mwisho wa korido haukuwa nalo. Ndipo akaelewa. Aliyeupiga lipu alimalizia upande wa pili.

Angekimbia. Lakini damu ni nzito kuliko maji. Alitoa mwiko, akagonga mara mbili, ili baba ajue ni mtu wa kwao.

Akaweka sikio ukutani.

Kisha kukagongwa kutoka ndani. Mara moja.

Simu yake ikaita. Alikuwa mama, analia kwa furaha.

"Mwanangu, mbona hukuniambia? Baba yako yuko mlangoni. Anavaa ndara."

"Mama..."

"Anasema umempokea. Anauliza, maji ya kuchanganyia yanakutosha?"

Aligeuka atoke. Korido haikuwepo. Palikuwa na lipu mbichi, karibu kumgusa pua.

Msimamizi aliikuta futi kamba yake sakafuni, mbele ya ukuta ule. Mpaka leo ukuta haujakauka.

Mama hajui ashukuru au aomboleze. Mume amerudi, hajazeeka hata siku moja, na tangu simu ile hasemi neno. Mkewe amemsihi, amempigia magoti, aende akampokee mtoto. Yeye hutazama chini tu. Ndara amezivua, anatembea pekupeku. Na kikombe chake cha chai hukishusha mezani kwa mikono miwili, taratibu sana, kisije kikagonga.