Mguu Ulioanguka Nyumbani Tu

Kila asubuhi binti yangu Charanjit alichemsha chai, akawasha hita ya mafuta ya taa, kisha akaniita kutoka chini ya ngazi.

"Papaji, usishuke! Ningoje nikushike!"

Hivyo ndivyo tulivyoishi Saltley, Birmingham, huko Uingereza, mwaka wa 1974. Mimi Gurmit Singh, seremala mzaliwa wa Kisumu, nilingoja kushikwa mkono na mtoto niliyemfundisha kutembea. Mama yake alikuwa amekufa. Mashine ya kiwandani ilikuwa imenikata mguu wa kulia, chini ya goti. Mashine ile haikuwa na kinga. Sisi tulimwambia nyapara, nyapara akawaambia wakubwa. Lakini wakubwa walikuwa na miguu yao yote miwili, basi haraka ya nini?

Kliniki ilinipa mguu wa bandia. Kulekule kliniki nilitembea vizuri, hata bila kushika vile vyuma viwili vya mazoezi. Nikirudi nyumbani, naanguka. Naanguka jikoni. Naanguka nikienda kulala. Kigutu changu, yaani ile sehemu ya mguu iliyobaki, kikachubuka mbele, pale mfupa unapoishia. Kikawa kidonda.

Nilimweleza daktari mkuu. Alitazama kidonda, akatazama saa.

"Hapa unatembea, nyumbani unaanguka," alisema. "Basi shida si mguu. Ni woga. Ijumaa ijayo nikikuta kidonda bado kipo, mguu utarudi stoo. Utapewa kiti cha magurudumu."

Kiti cha magurudumu si kitu kibaya. Kimewatoa watu wengi kitandani. Lakini mlango wetu ni mwembamba, una vidato, na vyumba vya kulala viko juu. Nani angenipandisha? Charanjit alikuwa amepata nafasi ya kusomea unesi, aanze Septemba.

"Sitaenda," aliniambia jioni ile. "Nitaomba tena mwaka kesho."

"Mwaka kesho watakuwa wamempa mwingine."

"Na wewe ukianguka peke yako, ukavunja na huo uliobaki?"

Nikamwambia chai yake haina sukari. Ilikuwa na sukari.

Pale kliniki alikuwapo Truphosa, Mkenya kutoka Maragoli. Alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watu kutembea upya. Mimi na yeye tulizungumza Kiswahili, na wenzake walidhani tunagombana. Mara nyingi walikuwa sahihi.

"Mzee, niambie ukweli. Ukifika nyumbani, unakunywa?"

"Nakunywa chai!"

"Mguu unaufunga vizuri?"

"Naufunga vilevile kama hapa. Mnaniona mwongo nyote!"

"Mimi sijasema wewe ni mwongo. Nasema sijaiona nyumba yako."

Aliomba ruhusa aje. Wakubwa wake walisema hakuna muda wa kutembelea wagonjwa. Muda wa kuninyang'anya mguu walikuwa nao. Basi Jumatano, alipotoka kazini, Truphosa alipanda basi akaja mwenyewe.

Charanjit alimfungulia. Truphosa aliona viatu vimepangwa mlangoni. Akainama, akavua vyake bila kuambiwa. Wakati huohuo mimi nilikuwa narudi kutoka dukani na fimbo yangu. Nilipanda vidato vizuri. Nikaketi kwenye stuli ya mlangoni, nikavua viatu vyote viwili kama kawaida, nikainuka.

Hatua ya kwanza tu, goti likasukumwa nyuma. Nikaparamia ukuta. Charanjit akapiga yowe.

"Simama hapohapo!" alisema Truphosa.

Alipiga magoti, akautazama ule mguu kwa muda mrefu. Nilidhani anatafuta maneno ya kuniambia niuage.

"Mzee, tangu upewe mguu huu, humu ndani unatembea bila viatu?"

"Ulitaka nitembee na viatu? Hii ni nyumba, si stesheni! Juu kuna chumba cha Kitabu kitakatifu cha Guru wetu. Tope la Alum Rock Road halipandi kule."

"Na kliniki hakuna aliyekuuliza?"

"Aniulize nani? Wale nadhani wanalala na viatu!"

Truphosa alichukua kiatu changu, akanionyesha kisigino.

"Wewe ni seremala. Umetengeneza kiti, kimekaa sawa. Mtu akija akapunguza miguu ya nyuma, itakuwaje?"

"Kitalala nyuma. Na aliyekikalia atalala nacho."

"Basi ndiyo hivyo. Mguu wa nyama una kifundo kinachojikunja chenyewe. Huu wako haujikunji. Fundi wa kliniki aliupima ukiwa ndani ya kiatu chenye kisigino hiki. Ukivua kiatu, nyuma kunashuka. Mguu wote unaegemea nyuma, goti linasukumwa, kigutu kinasagika mbele. Ukivaa kisigino kirefu kuliko hiki, utaangukia mbele."

"Kwa hiyo si woga?" aliuliza Charanjit.

"Si woga, mdogo wangu."

Nilitaka kulia. Nikafoka badala yake. "Miezi yote hii!"

"Utakasirika baadaye, Mzee. Keshokutwa ni Ijumaa. Vua mguu, ngozi ipumzike. Utembee kwa magongo. Na tangu leo, asubuhi na jioni, kikague kigutu kwa kioo. Ukiona wekundu usiopotea, usivae mguu. Njoo kliniki."

"Na humu ndani nivae nini?"

"Viatu vingine, kisigino kimo kilekile. Vya ndani tu, visikanyage nje kamwe."

"Kiatu ni kiatu. Hakiingii mbele ya Kitabu."

"Papaji, jamani!" alisema Charanjit.

"Mwache," alisema Truphosa. "Tufikirie kitu ambacho si kiatu."

Kichwa changu kina elimu kidogo, lakini mbao kinazijua.

"Nikichonga kipande cha mbao, kinene nyuma, chembamba mbele? Charanjit akishone ndani ya soksi nene, kisiteleze?"

"Uchonge viwili. Mguu wako mzima nao uinuke, la sivyo utachechemea. Na usivitumie kutembea kabla fundi wa kliniki hajavipima."

"Soksi yenye mbao," alisema Charanjit. "Papaji, utakuwa meza."

Ijumaa asubuhi fundi alivipima vipande nilivyochonga, akapunguza kimoja kidogo. Kisha mimi, Charanjit na Truphosa tukaingia kwa daktari mkuu. Aliona kidonda bado hakijafunga.

"Nilisema," alisema. "Mguu urudi stoo."

"Daktari, naomba umwone akitembea bila viatu," alisema Truphosa.

"Kuna wagonjwa wengine nje."

Charanjit alisimama. "Ukiuchukua mguu huu, mimi naacha masomo. Tazama hatua chache tu."

Daktari aliweka kalamu chini, akatufuata kwenye chumba cha mazoezi.

Nilisimama kati ya vyuma, bila viatu. Nilijua nitaanguka, na kidonda kilikuwa kinawaka moto. Nikapiga hatua. Goti likarudi nyuma, mwili ukafuata. Truphosa akanidaka kwa mkanda. Alinivisha zile soksi, akasogea kando.

Nikatembea. Nikafika mwisho wa vyuma, nikageuka, nikarudi.

Daktari alitazama mguu, halafu soksi, halafu mguu tena. "Apumzike mpaka ngozi ipone," alisema. "Mguu abaki nao."

Pole hakusema. Wakubwa hawana neno hilo.

Ngozi ilipona. Sikuanguka tena jikoni. Niliwaambia kliniki wawaulize wagonjwa wote kama huvua viatu nyumbani. Wakasema watalifikiria. Basi wakati wao wanafikiria, nakwambia mimi: kama una mguu wa bandia, usibadili kimo cha kisigino bila kumwona fundi wako, ndani wala nje. Na ukianguka, usikubali kuitwa mwoga kabla mtu hajaja kuona unapoangukia.

Septemba ilifika. Charanjit alitoka na mkoba wake mapema, nami nikamsindikiza mpaka kizingitini.

"Papaji, usitoke! Utachafua soksi!"

"Nenda, utakosa basi!"

Alipopinda kona nilifunga mlango. Kisha nikapanda ngazi peke yangu, nikaenda kusali.