Mbao za Chumbani kwa Baba Mkwe

Mbao ya mwisho ilipokaa sawasawa ukutani, sebule ikanuka dawa ya kuchua. Seremala alinusa mikono yake, akanusa na randa, hakuona kitu. Mkewe, aliyekuwa akifagia maranda, aliuacha ufagio ukaanguka. Harufu ile aliijua tangu utotoni.

Mbao zilitoka chumbani kwa baba yake, nyumba ilipobomolewa baada ya mazishi. Mzee yule hakutaka hata kumsikia seremala. Siku binti alipoolewa naye alifunga mlango, na kwa miaka kumi na mmoja hakumwita binti "mwanangu" wala seremala "mkwe wangu". Wakituma salamu, zinarudi. Wakituma watu, wanafukuzwa. Sasa mafundi wa mbao kuukuu wana kawaida yao: mbao ya chumba cha marehemu hulazwa nje siku saba, ipigwe jua na umande, ndipo iingie kwa watu. Seremala aliijua vizuri. Lakini hasira hasara, na yake ilikuwa ya miaka. Alitaka kukipigilia misumari chumba cha mzee siku hiyohiyo, tena huku anapiga mluzi. Haya, akapigilia.

Siku ya tatu, mchana kweupe, ukuta ukakohoa. Siku ya tano seremala alirudi kula, akamkuta mkewe amebandika sikio kwenye mbao, anatabasamu, na jikoni sufuria inaungua. Alipomuuliza anasikiliza nini, alinong'ona kwamba baba anamwita mwanangu.

Tangu hapo mambo yakaenda mrama. Mwanamke hali, halali, na kila jua lilipopanda, ukuta ulianza kukwaruzwa kwa ndani, taratibu, kutoka sakafuni kwenda juu, kisha kikohozi, kisha ile sauti ya mzee iliyozoea kukwama kooni, ikiita na kubembeleza, naye akiitika labeka baba, labeka baba, mpaka midomo ikampasuka na bangili ikateleza yenyewe mkononi kwa kukonda.

Mganga aliletwa, mama mmoja mkavu wa maneno. Aligonga mbao mara moja tu, akarudi nyuma.

"Baba yenu hayumo," alisema kwa sauti ya chini. "Mzee alikaa peke yake akiuambia ukuta machungu yake. Kumbe kulikuwa na jini linasikiliza. Sasa limejifunza sauti."

"Linataka nini, mama?"

"Linamla mkeo, fundi. Hamalizi wiki. Zing'oe zote leo, mimi nikisoma, na lolote utakalosikia usiitike."

Mkewe alijiburuta akamshika miguu. "Najua si baba," alisema. "Baba hakuniita hivi mpaka anakufa. Niachie huyuhuyu, mume wangu."

Loo, neno hilo lilimchoma, maana ni kwa ajili yake mwanamke huyu alikosa baba. Akauma meno, akachukua mtaimbo. Misumari ililia, harufu ikazidi mpaka macho yakawawasha, mganga akasoma bila kupumzika huku kitu kikikimbia nyuma ya ukuta kutoka mbao hii kwenda ile, kikipungukiwa nafasi, na kila mbao iliyotoka ilimrudishia mkewe rangi kidogo, hadi akainuka akaomba maji. Ikabaki moja.

Nyuma ya mbao hiyo mtu akakohoa, kama anayeona haya.

"Mkwe wangu," sauti ikasema. "Nilikukosea. Karibu ndani."

Seremala alijua ni uongo. Alikuwa ameambiwa, na ameona kwa macho yake. Mganga alimtikisia kichwa. Mkewe alimtazama, glasi ya maji mkononi. Miaka kumi na mmoja alikuwa akijidai hajali, na sasa machozi yalimtoka kama mtoto, mtaimbo ukamponyoka.

"Labeka, baba," akaitika.

Mganga alifunga mkoba wake, akatoka bila kuaga. Hajafika barabarani akasikia nyundo. Seremala alikuwa anazirudisha mbao, na mkewe anamshikia misumari.