Zamu ya Mama Pini

Shangazi yangu alikuwa fundi cherehani, na ulimi wake ulikata kuliko mkasi wake. Kuna wateja waliokuwa wanaleta nguo ambazo hazijachanika popote, ilimradi tu wakae kwenye benchi wamsikilize. Meza ya kukatia alishirikiana na mwenzake tuliyemwita Mama Pini, kwa sababu mdomo wake haukukosa pini. Alizibana kwa midomo, vichwa vyekundu vikichungulia nje, akawa anachomoa moja moja na kuzichomeka kwenye pindo. Za shangazi zilikuwa na vichwa vyeupe, zisije zikachanganyika. Mimi nilikaa mwisho wa meza nikishona vifungo.

Walikuwa na mchezo wao. Mmoja akishajaza pini mdomoni, mwingine anamtupia kichekesho. Ukicheka ukazitema, umeshindwa, na aliyeshindwa ndiye anayechemsha chai. Watu wazima wale, wana wajukuu, na haya hawana. Bibi yangu aliwaonya kila alipopita pale: mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Wao wakamcheka na yeye.

Siku Mama Pini alipofariki nilikuwa nimetumwa vifungo sokoni. Nilirudi nikakuta watu wamejaa mlangoni, na Mama Pini amelazwa juu ya meza ya kukatia, amefunikwa kitambaa cha mteja. Shangazi alisema mwenzake alipaliwa tu. Niliamini. Wale walikuwa chanda na pete, nani angemtilia shaka?

Tumbo la shangazi lilianza kumsumbua baada ya mazishi. Mwanzo lilikuwa gesi na kiungulia, tukasema ni majonzi na kula ovyo. Kisha likaja la kuchoma. Akila linachoma, asipokula linachoma. Siku nyingine alikuwa anashinda chooni, siku nyingine choo hakipatikani kabisa. Tukaanza kuzunguka hospitali. Daktari wa kwanza akasema taifodi, ule ugonjwa wa daktari asiye na la kusema. Wa pili akasema vidonda vya tumbo. Walimpiga picha, walimpaka mafuta baridi wakamwangalia kwa mashine, walimwingiza mpira wenye kamera kooni mpaka akalia machozi. Majibu yote yakarudi safi.

"Mama, huna kitu," walimwambia.

"Basi hicho kisicho kitu ndicho kinanimaliza," alijibu.

Kilikuwa kichekesho chake cha mwisho. Alikonda mpaka akawa anajipunguzia magauni yake mwenyewe, kila baada ya muda mfupi anayarudisha kwenye cherehani. Na aliacha kucheka. Nikimletea kisa cha kuchekesha aliinua mkono. "Nyamaza, mwanangu." Mimi niliyelelewa kwenye kicheko chake, niliona nyumba nzima imezimwa.

Kuna jambo jingine, nalo sikulipenda hata kidogo. Tumbo lake lilikuwa linanguruma kwa muda mrefu, linatulia kidogo, linaendelea. Lilipanda na kushuka, kama mtu anayesimulia. Likifika mwisho, shangazi anauma mdomo wa chini kwa nguvu zake zote.

"Njaa hiyo, shangazi?"

"Si njaa," alisema, akafuta damu kwa kipande cha kitambaa.

Hatimaye tukampata bingwa wa matumbo. Tuliingia kwake asubuhi, dirisha liko wazi, jua limejaa chumbani. Alikuwa mtu wa taratibu, akauliza jambo ambalo wenzake hawakuliuliza.

"Maumivu yanakuzidi ukifanya nini, mama?"

"Nikicheka."

Daktari aliweka kalamu chini. Shangazi alinitazama, kisha akatazama sakafu, akaanza kusema kwa kunong'ona.

"Alikuwa na pini mdomoni. Nilishampata, nikaona mabega yanatikisika. Akaniashiria kwa mkono, ninyamaze. Sikunyamaza. Nilitaka chai. Nikakimalizia kichekesho, naye akacheka kwa kuvuta pumzi ndani. Zote zikaenda. Zote, daktari."

Akashika tumbo.

"Sasa ni zamu yake. Ananitania humu ndani. Nikicheka zinanichoma. Nimejikaza, lakini mwenzangu anajua vizuri ninachekeshwa na nini."

Daktari alimwambia kwa upole kwamba majonzi yana mambo mengi. Akamlaza kitandani, akavaa kile kipimo chake masikioni, akakiweka juu ya tumbo.

Akasikiliza.

Alisikiliza muda mrefu. Uso wake ulikunjamana. Kisha pembe ya mdomo wake ikacheza.

"Nani anaongea?" aliuliza polepole.

Shangazi akajiziba mdomo. "Usicheke," alinong'ona kati ya vidole. "Baba, nakuomba, usicheke."

Daktari akacheka.

Alicheka kwa kupiga kitanda, machozi yakamtoka. Alijaribu kukivua kipimo masikioni, mikono ikawa haina nguvu. Kisha damu ikamtoka mdomoni, ikamwagika kwenye koti jeupe. Hakuacha. Akaanguka chini, anatapika damu, anacheka.

Ndipo shangazi naye akashindwa kujizuia.

Kicheko kilimtoka chote, kile cha zamani, cha kujaza duka. Na Mungu anisamehe, kwa nukta moja nilifurahi. Nilikuwa nimekikosa mno.

Ngozi ya tumbo lake ikainuka. Ncha ikatokea. Halafu nyingine, pembeni yake. Zikajipanga mstari, zimeachana sawasawa, kama pini kwenye pindo. Vichwa vikafuata, vinachana ngozi. Vilikuwa vyekundu kabla damu haijavifikia.

Anacheka.

Zikapanda kifuani. Zikapanda shingoni. Nilimkandamiza kwa viganja vyote viwili nikidhani nitazirudisha, zikatoboa viganja vyangu zikatokea upande wa pili. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Moja ikatoka shavuni. Nyingine kwenye fizi. Akatapika zilizobaki, fungu zima, zimeshikamana kwa nyama.

Anacheka bado.

Kisha akatulia. Alinivuta sikio karibu na mdomo wake.

"Nimeshindwa," akanong'ona, na akafa.

Wauguzi walipovunja mlango, ambao sijui ulijifungaje na mimi nilishindwa kuufungua, walikuta damu tu. Walipekua sakafu na mashuka. Walimpiga picha shangazi akiwa maiti, tumbo likaonekana safi kama zile picha zote za mwanzo. Pini hata moja hawakuiona, mimi na matundu yangu ya viganja nimesimama mbele yao. Daktari alipona, ila hasemi. Ulimi wake una tundu katikati, dogo, la duara. Nilikwenda kumsalimia nyumbani, akakimbia kujifungia alipoona natabasamu.

Tulimzika shangazi pembeni ya mwenzake. Kesho yake, saa za kufungua kazi, nilikwenda dukani kuzifunika cherehani. Lilikuwa limefungwa tangu tulipokwenda kwa bingwa, na kufuli lina ufunguo mmoja, ambao nilikuwa nimeufunga shingoni kwa uzi.

Nilifungua. Ndani kulinukia chai.

Birika lilikuwa juu ya jiko, bado lina moto. Mahali pa Mama Pini palikuwa na kikombe, kimejaa, mvuke unapanda, sukari imekolezwa mpaka imebaki chini, vile alivyopenda yeye. Mahali pa shangazi palikuwa na kingine, kimenywewa nusu. Aliyeshindwa alikuwa ameshachemsha.

Nilitaka kulia, nikashindwa. Kwa sababu mwisho wa meza, mahali ninaposhonea vifungo, palikuwa na kikombe cha tatu. Kitupu, kisafi, na kando yake pini, nusu zina vichwa vyeupe na nusu vyekundu.

Tumbo langu likanguruma. Nilikuwa nimetoka kula.