Bonge na Kiroboto Wabadilishana Kazi

"Huyu anaondoka leo," mume alisema, akimfunga Bonge kamba shingoni. "Mbwa gani? Ukimpeleka machungani analala katikati ya mbuzi kama mgeni mwalikwa."

"Anakwenda wapi?" mke aliuliza, ndoo ya maziwa mkononi.

"Kwa mfyatua matofali. Anataka mbwa wa kutisha watu."

"Na huyo mdogo unayemsifu? Mbona yuko zizini na mbuzi wanatupa mimba?"

"Usimsingizie Kiroboto. Usiku kucha yuko macho."

Mke alichungulia ndoo. Haikufika hata nusu. Mbuzi wawili walikuwa wametupa mimba mwezi huo, na watatu wenye mimba walibaki. Majani yapo, maji yapo, dawa ya minyoo wamepewa. Mbwa hawa aliachiwa na kaka yake alipohamia mjini, akaambiwa wote ni mbwa bora wa mifugo. Sasa mmoja analala, mwingine halali, na hasara iko palepale. Alaumu nani? Hakujua ashike lipi, aache lipi.

Pikipiki ilisimama uani. Ilikuwa ya jirani yao, mwanamke afisa mifugo. Mke ndiye aliyemwita awapime mbuzi.

"Shemeji, huyo mbwa kakosa nini?" afisa alimuuliza mume.

"Mvivu," mume alijibu.

Afisa alikwenda zizini, akatazama. Mbuzi walikuwa wamebanana pembeni. Kiroboto alikuwa ameinama, tumbo karibu na ardhi, macho hayapepesi. Mbuzi mmoja alisogea hatua moja. Kiroboto alichomoka, akamrudisha.

"Mmempa mpishi jembe na mkulima mwiko," afisa alisema. "Huyu mdogo ni mbegu ya kuswaga. Kazi yake kukusanya mifugo na kuiongoza, mchungaji akiwapo kumwambia anza, acha. Akiachwa peke yake nao, anaswaga tu. Mbuzi hawapumziki, hawacheui. Maziwa yatatoka wapi? Na mwenye mimba akikimbizwa usiku kucha, mnategemea nini?"

"Mimi bado sielewi, dada," mke alisema. "Mbwa si mbwa?"

"Mbuzi wa maziwa na mbuzi wa nyama wote si mbuzi? Huyu mkubwa alikulia wapi?"

"Zizini kwa kaka, tangu mdogo."

"Basi mbuzi ni ndugu zake. Bonge ni mbegu ya kulinda. Hakimbizi mbuzi, anakaa kati yao. Mchana anasinzia, usiku anazunguka na kubweka. Mbweha akimsikia, anapita mbali. Nyinyi usiku mnamlaza wapi?"

"Mlangoni kwetu," mume alisema polepole. Alijikuna kisogo. "Lakini mfyatua matofali nimeshamwahidi."

"Kamwambie umeghairi," mke alisema. "Mimba ya tatu haitoki kwenye zizi hili."

Aliweka ndoo chini, akamfungua Bonge kamba. Akafungua mlango wa zizi na kumwita Kiroboto nje. Kiroboto alisita, akitazama mbuzi.

"Mshike," mke alimwambia mumewe. "Kuanzia leo huyu ni wa machungani, tena pamoja nawe."

Mume alimshika. Bonge aliingia taratibu, akanusa mbuzi mmoja mmoja, kisha akajilaza karibu na mlango. Mbuzi mmoja mwenye mimba alitoka pembeni. Alikunja magoti, akalala. Wa pili akafuata. Muda si mrefu walikuwa wakicheua, na mke akafunga mlango wa zizi.