Mtoto wa Februari

"Mtoto anabatizwa leo. Saa tano."

Sauti ya Mzee Alnashir, mkuu wa kitengo chake cha upelelezi, ilikatika. Gaudensia alikigusa kidude kilichofichwa sikioni, akaendelea kutembea.

Kituo cha Stratford, London, saa mbili na dakika ishirini asubuhi. Watu walimwagika kutoka treni hadi treni kama mchele gunia likipasuka. Mbele yake, hatua kumi na tano, koti la kijivu.

Whitlow.

Mmarekani huyu alijiita mtafiti wa koo. Ukimlipa, alikutafutia babu. Babu asipopatikana, alikutengenezea.

Whitlow alipunguza mwendo kando ya ngazi za umeme. Mtu mwenye sare ya wafanya usafi akapita karibu. Hawakusalimiana. Bahasha ngumu tu ilihama kwapa.

"Mzigo umehama, mzee. Anao mfanya usafi. Mrefu, kofia nyekundu."

"Huyo ni Dieumerci, Mkongomani. Anafagia jengo la nyaraka. Mwache Whitlow, binti yangu. Mfuate yeye."

Akakimbia. Kofia nyekundu iliingia treni ya Jubilee. Milango ikajifunga mbele ya pua yake.

Mwingine angetukana. Gaudensia aligeuka tu. Tangu amzike mumewe, miezi minane iliyopita, moyo wake ulikuwa kama mguu uliolaliwa. Upo, lakini haukuambii kitu.

Toyota Prius ya kitengo ilimsubiri nje. Kwenye foleni alilirudia jambo lenyewe kichwani.

Virginia, enzi Mwingereza akiitawala Marekani. Josiah Thackmoor, mwenye ardhi kubwa kando ya mto, alifunga ndoa London Mei 1731, akafa kabla ya Krismasi. Akahesabiwa hana mtoto. Ardhi ikaenda kwa mdogo wake, naye kwa wosia akawaachia watu waliokuwa watumwa wake. Vizazi vyao vipo pale hadi leo, kaya sitini. Mkubwa wao ni Bibi Irene, miaka themanini na mmoja. Amewazika hapo wazazi wake na wanawe wawili.

Sasa kampuni ya bandari inaitaka ardhi hiyo, na imejipatia "mrithi". Kitabu cha ubatizo cha London kikionyesha kwamba Josiah aliacha mtoto, mdogo mtu hakuwahi kumiliki kitu. Wosia unakufa. Tingatinga linaingia makaburini.

Na saa tano hii, karani wa mahakama kutoka Virginia angekisoma kitabu hicho kwa macho yake.

Gaudensia aliiacha bastola yake, Glock 26, chini ya kiti cha gari. Kwenye chumba cha kusomea nyaraka huingii na mkoba, koti wala kalamu ya wino. Penseli tu. Ya kwake ilikuwa na kamera kwenye kitako.

Alimkuta Dieumerci kwenye chumba cha madeki, ndani ya jengo la nyaraka.

"Kaka, bahasha iko wapi?"

"Dada, mi sijue kitu."

"Mkeo yuko Bukavu. Whitlow amekuahidi viza yake. Yule hana viza ya mtu yeyote, kaka yangu."

Dieumerci aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Nyinyi Watanzania munaongeaka kama taarifa ya habari. Mutu anashindwa hata kuwabishia."

"Bahasha."

"Nilishaweka ile ingine mu kitabu. Uzi ulikuwa umelegea, haikunisumbua." Akafunua vitambaa vya njano. Chini yake, ndani ya plastiki, palikuwa na ukurasa mkuukuu. "Ya kweli ni iyi. Alisema niichome. Karatasi ya kanisa, dada! Majina ya watoto ya ubatizo! Mi naichoma namna gani? Nitapata usingizi wapi nyuma ya pale?"

Whitlow, aliyezoea kulipwa kwa uongo, hakuwa amelifikiria hilo.

"Njoo nayo. Utaiweka mezani kwa mkono wako."

Saa tano na dakika nne. Karani alikuwa mama mfupi mwenye miwani. Kitabu kilikuwa wazi juu ya mto wa sponji. Kidole cha Whitlow kilielekeza: tarehe 12 Februari 1732, mwana wa marehemu Josiah Thackmoor.

Dieumerci alitua ukurasa wake kando. Kwenye ukurasa huo mtoto hakuwepo.

Whitlow alicheka. "Mama karani, wa kwangu umo kitabuni. Wa kwao umetoka kwenye ndoo ya mfanya usafi. Nani anaaminika?"

Karani alimgeukia Gaudensia.

Gaudensia hakuhisi hofu wala hasira. Akasoma tu. Ukurasa wa nyuma. Ukurasa wa Whitlow. Ukurasa wa mbele.

"Soma kwa mpangilio, mama. Januari, mwaka gani?"

"1731."

"Februari ya bwana huyu?"

"1732."

"Machi inayofuata?"

Karani alivua miwani, akaivaa tena. "1731."

"Zama zile, kwa Waingereza, mwaka mpya uliingia tarehe 25 Machi. Januari ilifuata Desemba, mwaka ukabaki uleule. Karani wa kanisa alilijua hilo. Aliyeghushi amezaliwa juzi."

Kwake haikuwa ajabu. Kwao Rombo saa huanza kuhesabiwa jua likitoka, si usiku wa manane. Kila watu na mlango wao wa kuingilia siku.

Karani aliuvuta ukurasa wa Dieumerci karibu. "Februari 1731," alisoma. "Yote."

Whitlow aliurukia ukurasa ule. Gaudensia akauwekea kiganja. Penseli ya Whitlow ilishuka, ikamchoma nyuma ya mkono, ikakatikia humo.

Aliitazama damu kama ya mtu mwingine. Akauondoa mkono juu ya meza isidondokee majina. Kwa mkono wa pili alikishika kifundo cha mkono wa Whitlow, akakizungusha mara moja.

Kak.

Whitlow alipiga magoti. Walinzi walimkuta hivyohivyo.

"Ukurasa ameuleta Dieumerci mwenyewe," Gaudensia aliwaambia. "Andikeni hivyo, kwanza kabisa."

Nje mvua nyembamba ilikuwa imeanza. Kidude kiliunguruma sikioni.

"Karani amepiga simu Virginia," Alnashir alisema. "Kesi imekufa. Bibi Irene yuko kwenye laini, analia, anaimba, simwelewi. Anataka kukushukuru. Nikuunganishe?"

Gaudensia alisubiri kitu kiamke kifuani. Alikipa muda wa kutosha. Magari mawili yalipita.

"Mwambie akapalilie makaburi yake."

"Na mkono?"

"Hauumi."

"Hilo ndilo linalonitisha, binti yangu."

Alikitoa kidude sikioni, akakitia mfukoni, akavuka barabara kwa mwendo wake wa kila siku.